Kadi za Mwalimu kwenye Rafu ya Kijani

Waliosababisha kupotea kwa kadi za Mwalimu ni watu watatu. Wa kwanza ni mwenyekiti wa kamati ya wadhamini wa maktaba yetu, aliyeamuru rafu ya kijani iondolewe bila kuuliza ilikuwa na nini. Wa pili ni mkutubi mkuu, aliyelitekeleza agizo hilo kwa siku moja bila kufungua hata sanduku moja. Wa tatu ni mimi, niliyekuwa karani wa uorodheshaji, kwa kuwa ndimi niliyeziweka kadi hizo kwenye rafu hiyo, nami nilijua kwamba hapakuwa mahali pake. Naanza hivi kwa sababu tangu nistaafu nimesikia jambo hili likisimuliwa kana kwamba lilikuwa mafuriko, kitu kinachokuja na kupita bila mtu nyuma yake. Lilikuwa na watu, na watu hao walikuwa na ofisi, mihuri na saa za kazi.

Maktaba yenyewe haipo tena. Ilikuwa jengo fupi la mabati mekundu, umbali mdogo kutoka relini, hapa Kisumu. Ilianzishwa na chama cha wasomaji kabla ya Uhuru, na kamati ya wadhamini iliiendesha hadi ilipofungwa. Wakati wa ukoloni chama kilipokea vitabu kwa madaftari matatu: jekundu kwa vitabu vilivyotolewa na Wazungu, la kijani kwa vya Wahindi, na la buluu kwa vya Waafrika. Kila kitabu kilibandikwa kipande cha karatasi chenye rangi ya daftari lake, kisha kikapelekwa kwenye rafu ya rangi hiyo. Uhuru ulipokuja wasomaji wote walianza kupita mlango mmoja, lakini madaftari yalibaki matatu, kwa sababu hakuna aliyeandika barua ya kuyaunganisha. Nilipoajiriwa niliyakuta hivyo. Nilifundishwa hivyo, nami nikawafundisha waliokuja baada yangu.

Katikati ya miaka ya themanini, asubuhi moja ya Alhamisi, Mwalimu alifika na masanduku saba ya mbao juu ya mkokoteni. Alikuwa Mhindi wa hapa hapa, mtoto wa mwenye duka, aliyefundisha Kiingereza na historia katika shule za sekondari hadi umri wa kustaafu. Mke wake alikuwa amefariki. Watoto walikuwa wamehamia Uingereza, naye alikuwa amekataa kuwafuata. Alivaa koti la kijivu hata kwenye jua la saa sita, na akina mama wa sokoni walimwita Japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo.

"Bwana Karani," alisema huku akijifuta jasho, "nimekuletea familia."

"Familia ya nani, Mwalimu?"

"Yangu, na ya Malkia wa Wazungu pia. Sisi na yeye ni ukoo mmoja. Lakini hajaniita chai hata siku moja."

Mwenye mkokoteni, aliyekuwa ameegemea ukuta akihema, akadakia: "Hii familia ni nzito sana, Mzee. Ningejua ni ya Malkia ningekuja na lori."

Ndani ya masanduku mlikuwa na kadi ngumu za rangi ya maziwa, zimepangwa wima, zimeandikwa kwa wino mweusi na hati iliyonyooka kama ya cheti. Kila kadi ilikuwa na neno moja katika lugha moja, matamshi yake, tarehe ambayo neno hilo lilisikika, mahali liliposikika, na kazi ya mtu aliyelitamka. Hakuandika jina la mtu yeyote. Fundi wa magari, Kipunjabi. Mshonaji, Kigujarati. Karani mstaafu wa reli, Mgoa wa India, Kikonkani na Kireno. Mtawa wa misheni, Kiayalandi. Daktari wa hospitali, Kijerumani. Mke wa daktari mwingine, Kirusi. Mwanamke huyu wa mwisho alikuwa ameolewa na kijana wa Kisumu aliyekwenda kusomea udaktari huko kwao, naye alipofika hapa alijifunza Kijaluo kabla ya Kiswahili.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Mwalimu kwa miaka kumi na minane. Vitabu vya wataalamu wa Ulaya vinaeleza kwamba lugha hizi zote ni za familia moja, iitwayo familia ya lugha za Kihindi-Kiulaya. Vinaeleza matawi yake: Kigermanik chenye Kiingereza na Kijerumani, Kirumi chenye Kireno na Kifaransa, Kislavoni chenye Kirusi, Kikelti chenye Kiayalandi, na tawi kubwa la mashariki, lenye Kiajemi upande mmoja, na Kisanskriti na wajukuu wake wa India upande wa pili. Mwalimu hakudai kuligundua hilo. Alichotaka kuonyesha ni kwamba familia hiyo yote, iliyotawanyika kutoka Bengali hadi visiwa vya magharibi ya Ulaya, ilikuwa imekutana tena kwenye mji mmoja wa kando ya ziwa, na kwamba mtu angeweza kuizungukia kwa miguu kwa siku mbili. Alisema hajasikia mji mwingine ambako mtu ameisikiliza kwa namna hiyo, mdomo kwa mdomo, na kuiandika.

Alinieleza uainishaji wake pale kwenye meza yangu, nami nilimsikiliza kwa adabu, kalamu mkononi, nikisubiri amalize ili nipige mhuri.

"Kufanana si ushahidi," alisema. "Meza ya Kiswahili ni mesa ya Kireno. Gari ni neno letu la India. Shule ni ya Wajerumani. Je, Kiswahili ni ndugu ya Mjerumani?"

"Hapana."

"Hapana! Kimeazima tu. Ushahidi ni tofauti inayojirudia. Angalia." Akatoa kadi tatu, akazipanga mbele yangu. "Sisi Wagujarati tunasema das, Mwingereza anasema ten. Sisi daant, yeye tooth. Mpunjabi anasema do, yeye two. Pale wengine wana d, yeye ana t. Si mara moja. Ni kila mara, kama mtu anayechechemea na mguu uleule. Ukimwona anachechemea hivyo sokoni, na mwingine hivyohivyo kanisani, unauliza: hawa walizaliwa nyumba gani?"

"Na nyumba hiyo iko wapi?"

"Hakuna anayejua kwa hakika. Lugha ya mama yao haikuandikwa na mtu. Imekufa bila kaburi. Tunaijua kwa watoto wake tu."

Nilimpa stakabadhi. Kwenye daftari nikaandika: masanduku saba, kadi za maneno, mtoaji Mhindi. Nikapiga mhuri wa kijani.

Yeye aliona rangi ile kabla wino haujakauka.

"Bwana Karani, hapo umekosea."

"Ndiyo utaratibu, Mwalimu."

"Utaratibu gani? Twende unionyeshe."

Nilimpeleka. Kwenye rafu ya kijani palikuwa na vitabu vya Kigujarati, na kando yake vitabu vya sala vya Kitamil, lugha ya India ya kusini ambayo si ya familia hii hata kidogo. Palikuwa pia na kamusi ya Kireno, iliyowekwa pale kwa sababu tu aliyeitoa alikuwa Mgoa. Upande wa pili wa chumba, kwenye rafu nyekundu, Kiingereza kilikaa bega kwa bega na Biblia ya Kihungaria iliyoachwa na mmisionari, nacho Kihungaria si ndugu wa Kiingereza, licha ya kuwa majirani wa bara moja. Mwalimu alipita akigusa migongo ya vitabu kwa kidole, mmoja mmoja.

"Mmetenganisha ndugu, mkawaozesha wageni," alisema. Kisha akanigeukia. "Hapa hamjaainisha lugha. Mmeainisha ngozi."

Nilijua kwamba alisema kweli. Nilimwambia nitalishughulikia.

Nataka neno hilo lisomwe kwa uzito wake wote. Mwalimu aliomba jambo moja tu, kwamba masanduku yake yawekwe pamoja na Kiingereza, chini ya kichwa cha familia yote, kwa kuwa mahali pale ndipo palipokuwa hoja yenyewe ya kazi yake. Niliandika barua ya ndani kwa mkutubi mkuu. Akanijibu kwamba kuhamisha sanduku moja kutoka kijani kwenda nyekundu kungelazimu madaftari yote matatu yaandikwe upya, na kwamba jambo hilo lingepelekwa kwenye kikao cha kamati. Niliiweka nakala ya barua kwenye trei ya mambo yanayosubiri. Ningeweza, bila idhini ya mtu yeyote, kuandika kadi moja ya rejea kwenye katalogi kuu, mstari mmoja tu wa kumwelekeza msomaji, na wa kumwonya yeyote atakayegusa rafu ile. Ilikuwa ndani ya mamlaka yangu. Sikuiandika, kwa kuwa nilikuwa nikisubiri kikao. Barua ilikaa kwenye trei miaka sita.

Katika miaka hiyo Mwalimu alikuja kila Alhamisi. Aliongeza kadi, akatoa vumbi, akaketi. Jumapili moja, baada ya kanisa, nilikutana naye Kibuye, soko likiwa limefurika hadi barabarani. Alikuwa amesimama, daftari mkononi, mbele ya mama mmoja muuza omena, dagaa wa ziwani.

"Japuonj, leo umekuja kununua ama ni kuuliza tu?" mama alimuuliza kwa sauti ya kusikika na watu wote. "Kila siku maswali, na omena yangu unanusa bure."

"Leo nanunua, Mama. Na kuuliza pia."

"Basi mimi nauliza kwanza. Hiyo familia yako unatembea nayo, sisi Wajaluo tuko ndani?"

"Hapana, Mama. Ninyi mna familia yenu, kubwa sana, inafika mpaka Sudan."

"Na huyu?" Alimwonyesha kwa kidevu jirani yake, mama Mluhya aliyekuwa akipanga ndizi.

"Huyo ni ndugu ya Kiswahili. Wa damu kabisa."

Mama wa omena alipiga makofi. "Mungu wangu! Ndugu ya Kiswahili, na bado anakiongea mbaya kuliko mimi!"

"Afadhali mimi nakiongea mbaya na ni changu," mama wa ndizi alijibu bila kuinua macho. "Wewe umeazima ya watu na hutaki kurudisha."

Mwalimu alicheka hadi akatafuta mahali pa kushika. Kisha akaniambia, tukiondoka na omena yake kwenye kipande cha gazeti, kwamba akina mama wale walikuwa wameelewa kwa dakika mbili kile ambacho kamati yetu haikuwa imekielewa kwa miaka mitano: kuna kuishi jirani, kuna kuazimana, na kuna kuzaliwa nyumba moja, na mambo hayo matatu hayafanani. Nilicheka pia. Jumatatu yake nilipita mbele ya trei ile nikaenda kwenye meza yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini ndugu yangu mkubwa alifariki, nami nikapewa ruhusa ya wiki mbili kwenda kumzika nyumbani, upande wa Kombewa. Katika wiki hizo hizo kamati iliahidiwa shehena ya vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, ikahitaji nafasi. Mwenyekiti aliingia maktabani, akatazama, na mbele ya wafanyakazi wawili walionisimulia baadaye akasema: "Hii rafu ya kijani ya nini? Wenyewe si walishaenda Uingereza." Ijumaa ya mwisho ya ruhusa yangu, siku moja baada ya Mwalimu kupita, mkutubi mkuu aliita mikokoteni.

Nilirudi siku ya Jumatatu. Ukuta ule ulikuwa mtupu, na pale rafu ilipokuwa rangi ilionekana mpya kuliko kwingine.

"Masanduku ya Mwalimu yako wapi?" nilimuuliza mkutubi mkuu.

"Masanduku gani?"

"Saba. Ya mbao. Kwenye kijani."

"Ah, bwana, si ilikuwa ni ya Wahindi tu? Nani angesoma? Daftari limesema mtoaji Mhindi, kadi za maneno. Wewe mwenyewe uliandika."

Ndivyo nilivyokuwa nimeandika.

Nilizitafuta. Mbao za masanduku niliziona Otonglo, zimekuwa meza ya kuuzia nyanya. Kadi zenyewe zilikuwa zimefika Kibuye, mikononi mwa wauza nyuzi na vifungo, kwa sababu zilikuwa ngumu na za ukubwa sawa. Mwanamke mmoja alikuwa amezungushia kadi hizo nyuzi za kushonea, akazipanga kwenye ungo kwa rangi. Nilichukua moja yenye uzi mwekundu, nikasogeza uzi kwa ukucha, nikasoma: pyat, tano, Kirusi.

"Mzee, unataka uzi ama unataka karatasi?" aliuliza.

"Karatasi."

"Basi chukua na uzi. Mimi siwezi kukaa hapa nafungua siku nzima."

Niliondoka na kadi kumi na saba. Nyingine zilikuwa zimekwisha kuuzwa, zimeingia majumbani na vyerehani vya watu, Nyalenda, Manyatta, Ahero, na kwingine nisikojua.

Alhamisi Mwalimu alikuja saa yake ileile. Nilimngoja nje, kwenye ngazi, kwa kuwa sikutaka auone ukuta ule kabla ya kuambiwa. Nilimwambia yote. Nilimkabidhi bahasha yenye zile kadi. Hakuifungua.

"Ngapi?" aliuliza.

"Kumi na saba."

"Lugha gani zimepona?"

Nilimtajia. Kigujarati sita, Kipunjabi nne, Kireno tatu, Kijerumani mbili, Kirusi mbili.

"Kiayalandi?"

"Hakuna, Mwalimu."

Alitikisa kichwa. "Yule mtawa alisharudi kwao, amezikwa huko. Mgoa wangu pia hayupo. Mama Mrusi alienda na watoto." Kisha akanitazama kwa matumaini ambayo nimeshindwa kuyasahau. "Lakini wewe, Bwana Karani, umekaa nazo miaka sita. Ulizisoma. Tukikaa mimi na wewe, pole pole, si tunaweza kuzikumbuka nyingi?"

Nilikuwa nimezipokea. Nilikuwa nimezihesabu, nimezipiga mhuri, nimeziandika kwenye daftari kwa mwandiko safi. Kila Juni nilizikagua kuona kama zimeingiwa na mchwa. Sikuwa nimezisoma. Zaidi ya zile tatu alizonipangia mezani siku ya kwanza, sikuwa na neno hata moja la kumpa.

Nilimwambia hivyo. Sikutaka kumwongezea uongo.

"Hata kwa kupita tu?" aliuliza.

"Hata kwa kupita."

Aliweka bahasha ndani ya koti lake, akashuka ngazi kwa uangalifu, akishika ukuta. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu, kwa kuwa lawama ningeijibu kwa barua.

Alijaribu kuanza tena. Nilimwona mara mbili tatu njiani, daftari jipya mkononi, akielekea kwa mafundi wa magari. Lakini watu aliohitaji walikuwa wachache, na masikio yake yalikuwa yamechoka. Fundi mmoja aliniambia kwamba Mwalimu alimuuliza neno lilelile asubuhi tatu mfululizo, na asubuhi zote tatu alipojibiwa alishukuru kama alivyoshukuru mara ya kwanza. Ilikuwa miaka ile magugu yalipokuwa yanaanza kulifunika ziwa, na boti zikakwama ufukoni. Mwalimu alifariki kabla ya mvua za vuli. Alichomwa kwa desturi ya watu wake. Tulikuwa wachache: jamaa wawili wa mbali, mafundi, mimi, na mama wa omena, aliyesimama kando na leso kichwani akilia kwa sauti kama anavyoliliwa mzee wa nyumbani, hadi jamaa mmoja akauliza kama alikuwa mfanyakazi wake.

"Mimi ni jirani," alijibu.

Ningenyamaza, kama nilivyonyamaza miaka mingi, lau si barua iliyoandikwa baadaye na binti yake kutoka Uingereza. Katika karatasi za baba yake alikuwa amekuta stakabadhi yangu ya masanduku saba. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua tu kama angeweza kuja kuyaona, na kama kuna kadi ambazo mama yake alikuwa ametolea neno, kwani alikumbuka akiwa mtoto jinsi baba alivyokuwa akimwuliza mama maneno ya jikoni huku akiandika. Kamati ilimjibu kwa mistari miwili: kwamba hakuna kumbukumbu ya kupokelewa kwa vitu hivyo, na kwamba stakabadhi hiyo haitambuliwi. Nakala ya jibu hilo ilipita mezani kwangu ili niifungulie jalada. Daftari la kijani lilikuwa bado kabatini, hatua nne kutoka pale lilipochapwa jibu hilo. Nililifungua. Mstari wangu ulikuwepo, na mhuri ulikuwepo. Niliunakili ukurasa ule mbele ya shahidi, na nakala hiyo ninayo. Maktaba ilipofungwa madaftari yalichukuliwa na mwenyekiti, na hayajaonekana tena.

Kwa hiyo nawataka wadhamini wa kamati hiyo walio hai, popote walipo, waifute kwa maandishi kauli kwamba kadi za Mwalimu hazikupokelewa, kwa kuwa ni ya uongo na waliijua kuwa ya uongo siku walipoitia sahihi. Namtaka mwenyekiti aeleze, chini ya sahihi yake, ni kikao kipi kilichoidhinisha kuondolewa kwa rafu ya kijani, kumbukumbu za kikao hicho ziko kwa nani, na daftari la mapokezi amelihifadhi wapi. Namtaka mkutubi mkuu ataje waliochukua mzigo ule, ili kila kadi inayoweza kupatikana itafutwe. Mimi nimekwisha kuandika maelezo yangu, pamoja na kukiri kuhusu kadi ya rejea ambayo sikuiandika na maneno ambayo sikuyasoma, nikayatia sahihi na kuyapeleka kwa binti wa marehemu. Yao nayo yapelekwe kwake, si kwangu, na yajibu swali alilouliza kuhusu maneno ya mama yake.